Bonde Lisilo na Mlingoti: Uhakiki wa Masimulizi ya Miaka ya Awali ya Redio ya Uganda kwa Mtazamo wa Bulembia na Bwera

Utangulizi

Historia nyingi za redio katika Afrika Mashariki huanzia kwenye mlingoti. Msomaji huelezwa mwaka mtambo ulipowashwa, nguvu zake kwa kilowati, jengo ilimokuwa studio, mkuu wa kwanza wa stesheni, kisha majina yaliyobadilishwa kila utawala ulipobadilika. Nairobi husimuliwa hivyo tangu matangazo ya 1928 yaliyokusudiwa walowezi. Dar es Salaam husimuliwa hivyo tangu Sauti ya Dar es Salaam ya 1951, iliyogeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956 na Radio Tanzania mwaka 1965. Kampala nayo haikuachwa, ingawa waandishi wake hawajaafikiana hata kuhusu mwaka wa kuanza kwa Huduma ya Utangazaji ya Uganda: baadhi hutaja 1953, wengine 1954.

Makala hii haina ugomvi na tarehe hizo. Ugomvi wake ni na kipimo. Tunadai kwamba masimulizi ya miaka ya awali ya redio yamepima ukaribu wa stesheni kwa umbali wa mtambo, ilhali kwa msikilizaji ukaribu ulipimwa kwa lugha aliyosemeshwa na saa aliyosemeshwa. Kipimo hicho cha pili kikitumiwa, baadhi ya mambo yaliyozoeleka kuhusu redio na kuhusu Kiswahili nchini Uganda hayasimami. Tumechagua kuyatazama kutoka Bulembia, divisheni ya Manispaa ya Kasese inayolifuata bonde la mto Nyamwamba hadi migodi ya Kilembe, na kutoka Bwera, mji ulio karibu na mpaka wa Mpondwe na Kongo. Katika kipindi tunachokizungumzia hakukuwa na stesheni ya masafa ya kati iliyokuwa na studio yake Bulembia. Stesheni ya mahali hapo ilikuwa ile ya Kampala, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na ndiyo maana sehemu kama hii yafaa kuijaribia nadharia ya ukaribu.

Ramani ya duara na bonde la Nyamwamba

Kwanza istilahi. Tunapozungumza kuhusu redio ya AM tunataja namna ya kupachika sauti juu ya wimbi, yaani kwa kubadilisha ukubwa wake. Namna hiyo ilitumika katika masafa ya kati na pia katika masafa mafupi. Watafiti wengi hulitumia neno hilo kana kwamba lina maana ya masafa ya kati peke yake, na matokeo yake ni kwamba nusu ya usikilizaji wa miaka ya 1950 hutoweka katika maelezo yao. Mwenye redio ya betri hakuuliza wimbi limepachikwaje; alizungusha kitufe mpaka akapata sauti inayoeleweka.

Masafa ya kati yana tabia mbili ambazo mwanahistoria hana ruhusa ya kuzipuuza. Mchana wimbi husafiri likiambatana na ardhi, na ardhi yenyewe huamua litafika wapi: udongo wenye maji hulipitisha vizuri, mwamba mkavu hulidhoofisha. Wimbi linalopanda angani wakati huo humezwa na tabaka la chini la angahewa lenye chaji za umeme. Jua likizama tabaka hilo hufifia, wimbi la angani hurudishwa duniani kutoka tabaka la juu zaidi, na stesheni iliyo mbali mamia ya kilomita husikika mahali ambapo mchana haikuwapo kabisa. Kwa hiyo eneo la usikivu wa stesheni ya masafa ya kati lilikuwa maeneo mawili, la mchana na la usiku, na mipaka ya la usiku haikuheshimu mipaka ya nchi.

Ramani za usikivu zilizochorwa kwa ajili ya mipango ya serikali huonyesha duara. Ndani ya duara kuna wasikilizaji, nje yake hakuna. Duara hilo halina mlima. Bulembia iko chini ya Rwenzori, safu ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, na bonde la Nyamwamba limebanwa na miteremko ya mwamba pande zote mbili. Kampala ya mchana, kwa mitambo ya miaka ile, haikuwa jirani wa kutegemewa katika bonde kama hilo. Msaada ulikuwa masafa mafupi. Usiku hali ilikuwa nyingine. Kampala ilikuja, na pamoja nayo zilikuja sauti za Nairobi, za Dar es Salaam, na za upande wa Kongo. Katika masafa mafupi ilikuja Cairo, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na London, ambako idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957.

Tukikubali jambo hilo, basi dai kwamba Huduma ya Utangazaji ya Uganda iliwaunganisha watu wa magharibi na taifa katika miaka yake ya kwanza linahitaji kuwekewa saa. Iliwaunganisha saa ngapi? Na katika saa hiyo ilikuwa ikishindana na nani? James Brennan, katika utafiti wake kuhusu Radio Cairo na kuondoka kwa ukoloni Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi sauti ya Kiswahili kutoka nje ilivyozikosesha usingizi serikali za kikoloni. Utafiti huo umetazama zaidi pwani na miji mikubwa, kama ilivyo haki yake. Kinachosalia ni kuuliza swali hilohilo katika mabonde ya bara, ambako Kiswahili cha Cairo kilikuta Kiswahili kingine tayari kipo kazini.

Kiswahili kilichofutwa na redio iliyozaliwa

Hapa ndipo penye kiini cha hoja, na hapa ndipo masimulizi yaliyopo yanapopita haraka mno.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Pendekezo hilo lilipingwa vikali, hasa na Buganda, akiwamo Kabaka Daudi Chwa, na pia na viongozi wa makanisa. Upinzani ulishinda polepole. Kufikia 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni, kikabaki katika polisi. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kati ya 1953 na 1955, ilikwenda mbali zaidi: iliona kwamba kumfundisha Kiswahili mtoto aliyeanza elimu kwa lugha yake nyingine ni kupoteza muda na nguvu.

Tazama miaka. Redio ya Uganda ilizaliwa katika kipindi kilekile ambacho Kiswahili kilikuwa kimetoka kufutwa shuleni. Haikuikuta sera ya lugha ikiwa wazi; iliikuta imefungwa. Ilikuwa idara ya serikali, haikuwa shirika lenye mamlaka yake kama lile la Tanganyika la 1956, na idara hufuata orodha ya lugha ya serikali yake. Tena ilianza kazi wakati wa mgogoro mkubwa: tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimpeleka Kabaka Mutesa II uhamishoni, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Redio ya serikali iliyozaliwa katikati ya mgogoro huo ilikuwa na sababu zake za kuisemesha Buganda kwanza. Luganda na Kiingereza zilitangulia; lugha nyingine zilizotambuliwa zilifuata. Upande wa magharibi, lugha iliyotambuliwa na yenye vitabu na nafasi ya kiserikali ilikuwa Runyoro-Rutoro.

Sasa turudi bondeni. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 Kilembe ilikuwa inafunguliwa kuwa mgodi mkubwa wa shaba, na mwaka 1956 reli ilifika Kasese ili shaba hiyo ipelekwe kuyeyushwa Jinja. Wafanyakazi walitoka pande nyingi: milimani palepale, Kigezi, Rwanda, Kongo, na kwingine. Watu wa namna hiyo wakikutana chini ya ardhi hawana nafasi ya kungojea tume iwaamulie lugha. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kuelewana. Nyumbani, kwa wenyeji wengi, lugha ilikuwa Lukonzo. Bwera nako, biashara ya kuvuka mto Lhubiriha ilifanywa kwa Lukonzo, ambayo ng'ambo huitwa Kinande, na kwa Kiswahili cha Kongo.

Hivyo mtu wa Bulembia alikuwa na lugha mbili za kila siku, na redio ya nchi yake haikuanza na hata moja. Sentensi hii ni fupi, lakini sijaiona katika historia yoyote ya utangazaji wa Uganda niliyoisoma, na nadhani ina uzito kuliko kilowati zote za mtambo wa kwanza. Kitabu cha marejeo kilichohaririwa na Sydney Head mwaka 1974, Broadcasting in Africa, kiliwapa wasomaji wa wakati wake picha ya bara zima, nchi kwa nchi. Mpango huo wa nchi kwa nchi ulifaa kwa kazi iliyokusudiwa. Ubaya ni kwamba umeendelea kurithiwa na watu ambao kazi yao ni nyingine. Katika ukurasa wa nchi, lugha huonekana kama idadi: redio fulani hutangaza kwa lugha kadhaa. Idadi haisemi nani alitangulia, nani alingojeshwa, na nani aliambiwa kwamba lugha ya jirani yake inamtosha.

Kazi ya Monica Chibita kuhusu lugha za asili na ushiriki wa wananchi katika utangazaji wa Uganda imelitoa swali la lugha pembeni na kuliweka mahali pake. Tunaifuata katika hilo. Tofauti yetu ni ya mahali pa kusimama: tunaanza na bonde, kisha tunaitazama Kampala.

Wimbo, taipu na hewa iliyokosekana

Katikati ya miaka ya 1950, redio ikiwa bado changa, Isaya Mukirania, mwalimu wa shule, aliongoza kikundi cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Kikundi hicho kwa kawaida hutajwa katika historia ya siasa kama chanzo cha vuguvugu la Rwenzururu, na ndivyo kilivyokuwa. Katika historia ya mawasiliano hakitajwi, nami naona hilo ni kosa la mgawanyo wa kazi kati ya idara za vyuo vyetu. Katika miaka ileile nchi moja ilipata vyombo viwili vya kusikiliza: kimoja Kampala chenye mtambo, kingine mlimani chenye daftari.

Yaliyofuata yanafahamika. Februari 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, baada ya madai yao ya kutambuliwa kukataliwa. Tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ilitangaza kujitenga na Toro, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda wa 9 Oktoba. Vita vilivyofuata milimani havikwisha rasmi hadi Agosti 1982, Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirania, aliposhuka na watu wake. Lugha ilikuwa katikati ya malalamiko tangu mwanzo: mtoto wa Mkonzo alifundishwa kwa Rutoro, alihukumiwa kwa Rutoro, alihubiriwa kwa Rutoro. Baada ya uhuru, Uganda ilipokuwa na lugha sita za asili zilizotambuliwa kwa elimu, Lukonzo haikuwamo katika hizo sita.

Watafiti wawili wametuachia vitu ambavyo mwanahistoria wa redio angepaswa kuvipokea kwa mikono miwili. Kirsten Alnaes, katika makala yake ya 1969 kuhusu nyimbo za uasi wa Rwenzururu, alizichukua nyimbo hizo kuwa ushahidi wa kisiasa. Derek Peterson ameeleza jinsi maofisa wa Rwenzururu walivyoendesha dola yao ya milimani kwa barua, mafaili na mashine ya taipu. Ukizisoma kazi hizo mbili pamoja, huku ukikumbuka nani aliyekuwa na hewa na nani aliyeikosa, zinaeleza jambo ambalo halimo katika yoyote kati yake: watu walionyimwa saa ya redio walijitengenezea utangazaji wao. Wimbo ulibeba habari ukapita mtelemko hadi mtelemko bila kuhitaji betri. Barua ya taipu iliipa habari hiyo sauti ya kiserikali. Kimoja kilikuwa kipindi, kingine kilikuwa taarifa rasmi.

Kuna atakayepinga kwamba hii ni kulitanua neno utangazaji mpaka lipasuke. Pingamizi hilo lina nguvu kiasi. Wimbo hauwafikii watu wote kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo sifa kuu ya redio. Lakini historia ya chombo chochote ina wajibu wa kueleza pia kilichofanyika pale chombo hicho kilipokosekana au kilipozungumza lugha ya mwingine. Mwandishi anayesema redio ilifika Toro, akaishia hapo, amewahesabu Wakonzo kama wasikilizaji kwa sababu tu waliishi ndani ya duara.

Nani alishika kipaza sauti, na nani alikuwa akizikwa

Radio Uganda inakumbukwa zaidi kwa saa chache kuliko kwa miaka mingi. Januari 25, 1971, mwanajeshi Wilfred Aswa alisoma sababu 18 za kumwondoa Milton Obote. Aprili 11, 1979, David Oyite-Ojok alitangaza kwamba Kampala imeanguka na utawala wa Idi Amin umekwisha. Julai 27, 1985, Walter Ochora alitangaza mapinduzi mengine. Kila kitabu cha historia ya Uganda kina saa hizo, na historia za redio zimezikopa kama nguzo zao. Sielewi kwa nini. Saa hizo ni historia ya jeshi iliyopitia studio.

Madhara ya mkopo huo yamekuwa makubwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa askari walizungumza Kiswahili, na kwa kuwa Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, imejengeka hoja kwamba Waganda wanakijua Kiswahili kama lugha ya kambi na amri, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukichukia. Hoja hii hurudiwa katika mikutano ya sera mpaka imekuwa kama methali. Kwa maeneo fulani ya nchi ina ukweli. Kwa Bulembia na Bwera haielezi kitu, maana huko Kiswahili kilitangulia kuwa lugha ya mshahara, ya soko na ya ndoa za mchanganyiko kabla Amin hajawa mtawala. Mshauri wa sera anayeichukua hoja ya kambi na kuieneza nchi nzima anapima Uganda yote kwa masikio ya Kampala.

Aidha, sauti ya Kiswahili ya Mganda iliyosikika kwa kishindo kuliko zote katika miaka hiyo haikutoka Kampala. Ilitoka Raha Leo, Unguja, Januari 1964, pale John Okello, mzaliwa wa Lango, alipokuwa akitoa amri zake kupitia stesheni ya Unguja. Wasikilizaji wa pwani waliishangaa lafudhi yake. Hilo ni jambo la pembeni katika makala hii, lakini linaonyesha jinsi ramani ya lugha ya redio ilivyokuwa imejikunja: Mganda alihitaji kwenda kisiwani ili azungumze Kiswahili redioni na nchi nzima imsikilize.

Kama saa za mapinduzi si nguzo, nguzo ni nini? Napendekeza tangazo la kifo.

Kila aliyekulia karibu na redio katika Afrika Mashariki anaujua utanzu huu. Mtangazaji hubadilisha sauti, hutaja jina la anayetoa habari, jina la marehemu, mahali alipofia, kisha huanza orodha: fulani wa mahali fulani, fulani aliye kazini kwenye kampuni fulani, shemeji wa kijiji fulani, na wengine wote watakaosikia wamjulishe mwenzao. Mwisho hutajwa siku na mahali pa maziko. Katika Radio Uganda, kama ilivyokuwa Radio Tanzania, matangazo haya yalikuwa na nafasi yake maalumu katika ratiba. Wahakiki wa fasihi simulizi wameyaacha kwa sababu yalilipiwa na kuandikwa. Wanahistoria wa redio wameyaacha kwa sababu hayakuwa habari. Yamekosa mwenyewe.

Yakitazamwa kama matini, matangazo hayo yana mambo matatu ambayo hayapatikani katika kipindi kingine chochote. Yana ramani: mtoa tangazo hulipia majina ya mahali anapoamini redio inafika na kuna mtu anayesikiliza. Ramani hiyo ni sahihi kuliko duara la mhandisi, kwa sababu kila nukta yake ni ya mtu anayetarajiwa kufunga safari. Yana nasaba, na kwa jamii ya wahamiaji kama ya Kilembe nasaba hiyo huvuka wilaya na mipaka. Tena yana uamuzi wa lugha, na huu ndio muhimu zaidi kwetu. Familia ya Bulembia iliyofiwa na ndugu aliye mbali ililazimika kuuliza: tutangaze kwa lugha gani? Kwa ile ya marehemu, ikiwa ina saa yake hewani? Kwa ile ya jirani, kwa matumaini kwamba atapita mtu awaambie? Familia haikuchagua kwa mapenzi. Ilichagua kwa hofu ya kumzika mtu ndugu zake hawapo.

Sera ya lugha ya redio, inayoandikwa katika waraka kwa asilimia na madaraja, ilifika nyumbani kwa sura hiyo.

Yanayowahusu washauri wa sera

Hali ya leo imebadilika mno, na sitachukua nafasi kubwa kuieleza. Tangu stesheni binafsi za FM ziruhusiwe katika miaka ya 1990, Kasese imepata redio zake, zikiwamo Guide Radio na Radio Messiah, na Lukonzo ina saa nyingi hewani kuliko wakati wowote wa enzi ya masafa ya kati. Mwaka 2005 Radio Uganda na televisheni ya taifa ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Uganda. Mwaka huohuo marekebisho ya katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kilichoonekana mwaka 1955 kuwa upotevu wa muda sasa ni sera ya serikali.

Lakini FM ilileta ukaribu wa lugha kwa kuuza umbali. Wimbi lake husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima hulizuia. Mlingoti mmoja hauwezi kuyahudumia mabonde yote ya Rwenzori, na stesheni za upande wa Uganda hazikupangwa kwa ajili ya ng'ambo ya Lhubiriha. Jambo hili si la nadharia. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 ukiwa umeua watu 2,287, ulivuka mpaka Juni 2019, na wagonjwa waliogunduliwa Uganda walitengwa Bwera. Familia zilizokuwa zikivuka Mpondwe zilikuwa familia moja, zenye lugha moja ya nyumbani na Kiswahili kimoja cha sokoni, zikihudumiwa na redio za nchi mbili. Ujumbe wa afya kwa watu hao unahitaji kupangwa kwa lugha zao mbili na kwa pande zote mbili za mto kwa pamoja. Enzi ya masafa ya kati, pamoja na kasoro zake zote za lugha, usiku ilikuwa na sifa hiyo ya kutojua mpaka. Anayepanga kuzima mitambo iliyosalia ya masafa ya kati, au kuigawa ardhi ya milingoti kwa kuwa iko mahali pazuri mjini, afanye hesabu hiyo kwanza.

Kuhusu Kiswahili, ushauri wetu kwa wanaotekeleza uamuzi wa 2022 ni kuacha kukipeleka magharibi kana kwamba ni kigeni. Vipindi vya kufundisha Kiswahili vinavyotungwa Kampala humchukulia msikilizaji kuwa anaanza kutoka sifuri. Mtu wa Bwera haanzi kutoka sifuri. Ana Kiswahili chenye msamiati wa Kongo na miundo ambayo mwalimu wa Kiswahili sanifu atashawishika kuiita makosa. Redio ikimwambia katika kipindi cha kwanza kwamba lugha aliyoitumia maisha yake yote ni mbovu, itakuwa imerudia kwa Kiswahili kile kilichofanywa kwa Lukonzo katika miaka ya 1950.

Na kuhusu kumbukumbu: mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi ya Amin zilizotoka katika hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda, yenye filamu zipatazo 70,000. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, na ilipata wageni na mijadala inayostahili. Picha, hata hivyo, zilipigwa na wapiga picha wa serikali waliofuatana na viongozi. Zinatuonyesha mtawala akisema. Mradi wa namna hiyo kwa upande wa redio haupaswi kuanza na hotuba za viongozi, ambazo kwa kiasi kikubwa zilikwisha kuchapishwa magazetini. Uanze na ratiba za kila juma, zenye lugha na dakika zake, na uendelee na daftari za ada za matangazo, popote zilipo, ambamo karani aliandika jina la marehemu, idadi ya maneno, fedha zilizopokelewa na lugha iliyoombwa.